Kuzoea si Kutengeneza

"Nimeizoea," husema mwenye pikipiki kuukuu. Waya wa mafuta unakwama. Akiachia mshiko, injini inazidi kunguruma, naye huurudisha kwa mkono. Lakini hapa Berega pikipiki haina mpandaji mmoja. Usiku jirani hubisha hodi, aiazime ampeleke mgonjwa hospitali ya misheni. Je, naye ameizoea?

Kazi ya waya ni kuvuta tu, hausukumi. Kinachorudisha ni springi ya kabureta, nayo hushindwa vumbi likijaa ndani ya ganda la waya, au uzi wake mmoja ukikatika. Kuchunguza si kazi kubwa: injini ikiwa imezimwa, geuza usukani kushoto na kulia, zungusha mshiko kisha uachie. Ukikawia kurudi, fungua waya kwenye kabureta uuvute huku na huku: ukiwa mzito, kasoro ni yake, ukiteleza, tazama kabureta.

Naona mtu ana ruhusa ya kuizoea kasoro pale tu inapomhatarisha yeye peke yake. Usiku ule mwenye pikipiki hana jibu jema: kukataa ni kumnyima mgonjwa, kutoa ni kumhatarisha pamoja na dereva. Wajibu wake ulikuwa mchana, kabla ya hodi.