Amana ya Mpima Nyota

Je, aliyetoka jasho kuipata elimu ana haki ya kuifungia sandukuni mpaka aridhike nayo? Au elimu, ikishapatikana, ni mali ya wote, na kuizuia ni dhulma? Sisi watu wa pwani tuna methali mbili zinazolijibu swali hili kwa kupingana: haraka haraka haina baraka, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Mvutano huo ulidhihiri katika kazi yenye kutaka subira kubwa, nayo ni kupima mahali pa nyota.

Mwaka 1675 Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza alimteua John Flamsteed kuwa mwanafalaki wake huko Greenwich. Makusudio yalikuwa ya kibaharia. Nahodha wa bahari kuu hakuwa na njia ya hakika ya kujua amefika wapi mashariki au magharibi, na ilitarajiwa kuwa mwezi, ukipimwa baina ya nyota, ungemwonyesha. Flamsteed alilipwa paundi 100 kwa mwaka, na vyombo vingi akavinunua kwa fedha zake. Kwa zaidi ya miaka 40 alipima, akahesabu, akapima tena.

Isaac Newton alivihitaji vipimo hivyo kwa nadharia yake ya mwendo wa mwezi, wala hakuwa mtu wa kungoja. Mwaka 1712, yeye na Edmond Halley walivichapisha bila ya ridhaa ya mwenyewe, nakala 400. Flamsteed aliona kazi yake imeepuliwa mbichi. Alipozipata nakala 300 zilizosalia, mwaka 1716 akazitia moto. Orodha yake kamili, yenye nyota karibu 3,000, ilitoka mwaka 1725, miaka sita baada ya kufa kwake.

Newton hakukosa hoja: mshahara ulitoka serikalini, na mabaharia walikuwa wakizama. Lakini Halley mwenyewe, pasi na kukusudia, alitoa ushahidi wa upande wa pili. Mwaka 1718 alilinganisha vipimo vya zama zake na vya Wayunani wa kale, akagundua kuwa Sirius, Arcturus na Aldebaran zimehama. Nyota zilizodhaniwa zimekazwa mbinguni kumbe nazo zina safari. Miaka michache haikutosha kuuona mwendo huo kwa vyombo vya wakati ule. Ilibidi kuwaamini watu waliokufa karne nyingi nyuma.

Basi kipimo cha nyota kina wadai wawili: baharia wa leo na mwanafalaki ambaye hajazaliwa. Wa kwanza anaweza kupiga kelele. Wa pili hana ulimi. Flamsteed alimsemea asiye na ulimi, na hiyo ni insafu. Hata hivyo, kulikuwa na njia ya kuwalipa wote wawili. Chombo cha anga cha Gaia, kilichorushwa mwaka 2013 na kuzimwa mwaka 2025, kimepima nyota zaidi ya bilioni moja. Matokeo yake yalianza kutolewa kwa awamu mwaka 2016, kila kipimo kikitajiwa kiasi cha shaka iliyomo.

Si aibu kutoa kilicho pungufu. Aibu ni kukivisha joho la ukamilifu, kwani atakayedanganyika huenda akawa mtu wa karne ijayo, naye hatakuwa na wa kumwuliza.