Kumkana Mlezi: Suala la Kimaadili katika La Cage aux Folles

Filamu ya Édouard Molinaro, La Cage aux Folles (1978), iliyotokana na tamthilia ya Jean Poiret ya mwaka 1973, huainishwa kama futuhi. Hata hivyo, swali linaloibeba ni zito: je, mtu ana haki ya kumkana aliyemlea ili apate mke?

Albin (Michel Serrault) hutumbuiza katika klabu moja ya Saint-Tropez akiwa amevaa kike, kwa jina la Zaza. Yeye na Renato, mwenye klabu, wamemlea Laurent, mwana wa Renato. Laurent anapotaka kumwoa binti wa Charrier, mwanasiasa ajinadiye kuwa mtetezi wa maadili, anaomba Albin afichwe. Renato anajaribu kumfunza Albin kutembea kiume na hata kupaka siagi kiume. Hapa ndipo kicheko kinapochoma: igizo la pekee linalomshinda msanii huyu ni lile ambalo jamii huliita hali ya kawaida. Anapojitokeza baadaye kwa mavazi ya mama, anadanganya kuhusu jinsia yake. Kuhusu ulezi hadanganyi. Laurent, kwa upande wake, anahamisha fanicha, na mtu anahamishwa pamoja nazo. Yamkini ndiye astahiliye lawama zaidi, kuliko hata Charrier, ingawa filamu inamsamehe upesi mno.

Charrier naye, akiwakwepa waandishi wa habari, anatorokea klabuni humo humo, amevaa gauni na nywele za bandia.