Je, Msomi Aweza Kuchukia Hesabu Bila Kosa?

Vijana wetu wa Iga Barrière waendao Bunia kusoma chuo kikuu huchagua masomo yao kwa sababu nyingi. Iko moja ambayo wengine huisema bila haya: “Nimekimbia hesabu.” Ni nani athubutuye kujisifu mbele za watu kwamba hajui kusoma? Lakini ukisema hujui hesabu, wenzako hucheka na kuitikia, “Hata mimi!”

Basi mkimbizi huyu hafiki mbali. Akisoma uchumi, kilimo, saikolojia au mambo ya jamii, hukutana na somo la takwimu, yaani elimu ya kukusanya hesabu za watu na vitu na kupima maana yake. Afanyeje? Hukariri kanuni usiku, huzitapika asubuhi katika mtihani, na jioni hazimo tena kichwani. Cheti anacho.

Labda utaniuliza: ubaya uko wapi, maana kila mtu ana kipaji chake? Ni kweli. Lakini mara nyingi akili haikosekani. Mchimba dhahabu wa hapa Iga, hata kama hakumaliza shule, hugawanya fungu la mwenye shimo, fungu la wenzake na deni la chakula. Tena mbele ya mizani si rahisi kumpunja. Hofu ya yule mwanafunzi imetoka kwingine: kwenye fimbo, au kwenye kicheko cha darasa siku ile aliposimama mbele ya ubao akanyamaza.

Mtaalamu mmoja, Iddo Gal wa Chuo Kikuu cha Haifa, aliandika mwaka 2002 kwamba kuelewa takwimu hakutokani na maarifa peke yake; kunataka pia moyo wa kuhoji, na mtu ajiamini kwamba aweza kuhoji. Naona amesema kweli. Mwenye hofu huipokea kila namba kama amri ya mkubwa, au huzikataa zote kuwa ni uongo wa wakubwa. Yote mawili ni uvivu uleule.

Tukumbuke Ebola, iliyotangazwa Kivu ya Kaskazini mwezi wa Agosti 2018, ikaingia Ituri yetu, ikaisha Juni 2020. Walihesabiwa wagonjwa 3,470, na waliokufa 2,287. Sasa tuseme, kwa mfano tu, mtu asimama sokoni na kusema: “Waliochanjwa wameugua 10, wasiochanjwa 5 tu, chanjo ndiyo iuayo!” Msomi wetu hana budi kuuliza: kati ya wangapi? Ikiwa waliochanjwa ni 1,000 na wasiochanjwa ni 50, basi wa kwanza ameugua mmoja katika mia, na wa pili mmoja katika kumi. Swali hilo halina kanuni ngumu ndani yake. Lataka mtu asiyetetemeka aonapo namba.

Nasi Wakongo tuna haja nalo kuliko wengi. Nchi yetu ilihesabu watu wake mwaka 1984, wakapatikana kama milioni 30. Kisha ikapita miaka 40 bila hesabu nyingine kama hiyo. Kila usomapo “Wakongo kadhaa katika mia”, ujue hiyo mia yenyewe ni makadirio.

Kwa hiyo nijibu swali langu. Kuchukia hesabu si kosa, kama vile kuchukia mvua si kosa. Kosa huanza kwenye sahihi. Kijana amepata kazi ya kuandika idadi ya waliokimbia vita katika Djugu. Amehesabu nyumba 20 zilizo kando ya barabara, akazidisha kwa kambi nzima, wala hakujiuliza kama wale wa nyuma, waliofika jana, wanalala wangapi katika kibanda kimoja. Akatia sahihi. Ametoa ushahidi wa jambo asilolijua, na namba yake itasafiri bila yeye mpaka Kinshasa na ng’ambo. Ikiwa pungufu, mama aliye mwisho wa mstari atakuta magunia yamekwisha. Ikizidi, unga utakaoozea hapo umetolewa katika kambi nyingine, ambayo yeye hakuiona kamwe.