Wito wa Mwalimu na Deni la Mwajiri

Mkufunzi wa chuo cha kati cha binafsi anapoulizia mshahara wa miezi miwili uliolala, si ajabu kujibiwa kwamba ualimu ni wito. Jibu hilo limevaa kanzu ya dini, ndiyo maana ni gumu kulipinga: nani anataka aonekane amefuata pesa tu? Lakini je, wito wa mtu mmoja unaweza kumfutia mwingine deni? Nasema hauwezi, na dini zilezile zinazoitwa kutoa ushahidi ndizo zinazomshtaki mwajiri. Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, inaagiza kibarua alipwe kabla ya jua kutua, kwa kuwa maisha yake yanautegemea ujira huo. Hadithi aliyoipokea Ibn Majah inahimiza ujira usicheleweshwe hata kidogo. Na kwa anayesema mkufunzi alisaini mkataba kwa hiari yake, Papa Leo XIII alikwishajibu mwaka 1891 katika Rerum Novarum: hiari ya mwenye shida haihalalishi ujira usiotosha kumtunza.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa Imamu Ghazali, aliyefundisha kwamba mwalimu asitafute malipo kwa elimu anayoitoa. Maneno hayo nayaheshimu. Ila tuangalie anasema na nani: anasema na nafsi ya mwalimu, hampi mwenye chuo ruhusa ya kushika haki ya mtu. Naye Ghazali alipopewa kiti cha kufundisha katika madrasa ya Nizamiyya mjini Baghdad mwaka 1091, madrasa hiyo iliendeshwa kwa mali ya wakfu, na walimu wake walipewa posho. Mwalimu anaweza kusamehe haki yake. Asiyeweza kuisamehe kwa niaba yake ni mdaiwa.

Wapo watakaosema pesa hazimridhishi mtu kazini, na hapo wana hoja. Frederick Herzberg na wenzake, katika utafiti wao wa mwaka 1959, waliona kwamba kinachoridhisha ni kazi yenyewe, mafanikio na kutambuliwa. Lakini waliona pia kwamba mshahara na uongozi mbaya humchukiza mtu hata akiipenda kazi yake. Ndivyo mkufunzi anavyoondoka katikati ya muhula, mitihani ya majaribio haijasahihishwa, na darasa la uuguzi likaanza upya mada ileile na mgeni. Hakuondoka kwa kukosa wito. Tena mara nyingi anakwenda kufundisha kwingine.

Najua vyuo hivi huishi kwa ada, na ada huchelewa. Hata hivyo, faida ya mwaka mzuri haigawiwi kwa wakufunzi; kwa haki gani basi hasara ya mwaka mbaya iwe yao? Mwenye chuo, lipa kwa tarehe uliyoiandika mwenyewe kwenye mkataba, ndipo uzungumze na walimu wako habari za wito.