Paulo Alikataa Kutokea Mlango wa Nyuma



Somo la kutafakari wiki hii: Matendo ya Mitume 16:35-40.

Chukua Biblia yako kwanza, usome polepole. Tetemeko limetikisa gereza la Filipi, milango imefunguka, mlinzi wa gereza amebatizwa usiku uleule pamoja na watu wa nyumbani kwake. Wengi wetu tukifika hapo tunafunga kitabu na kusema amina. Lakini kulipokucha, mahakimu walituma askari na ujumbe mfupi kwamba Paulo na Sila waachiliwe, waende zao.

Wewe ungefanyaje? Najua vijana wengi ambao wangeshika viatu mkononi na kutoka mbio. Paulo alikataa. Alisema wamepigwa hadharani bila kuhukumiwa, na wao ni raia wa Roma, halafu sasa watolewe kimyakimya? Hapana, waje wenyewe wawatoe. Na walikuja, wakawasihi, wakawasindikiza nje mchana kweupe.

Kiburi? Sidhani. Huyu ni Paulo aliyekuwa akiimba sifa usiku huohuo miguu ikiwa kwenye mkatale, na aliyemzuia mlinzi asijiue. Hakuwa na kisasi moyoni. Ila katika mji ule alikuwa anawaacha Lidia, yule mlinzi, na Kanisa changa kabisa. Mimi naona hakutaka ndugu hao waishi wakiambiwa kwamba imani yao ililetwa na wahalifu. Kulisafisha jina lake ilikuwa njia ya kuwapenda.

Nimelichagua somo hili kwa sababu ya jambo ambalo vijana wengi hapa kwetu Kenya wanalibeba na hawalisemi hata kwa rafiki: rekodi ya polisi.

Kijana mmoja wa parokia yetu alikamatwa kwenye msako wa usiku akitoka kibaruani. Akashtakiwa kuleta fujo. Mashahidi hawakufika kortini mara ya kwanza, hawakufika ya pili, na upande wa mashtaka ukaiondoa kesi. Alirudi nyumbani, mamake akapika chapati, yakaisha. Miaka ikapita. Akapata kazi ya udereva, akaitishwa cheti cha maadili mema, na jibu likaja kwamba ana kesi. Nilipomuuliza atafanya nini, aliniambia, "Aki wacha tu. Mungu ananijua." Tangu siku hiyo akaacha kuomba kazi yoyote inayoitisha cheti.

Mungu anamjua, ni kweli kabisa. Lakini hapo maneno matakatifu yalikuwa yanafunika kidonda bila kukitibu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2479, inafundisha kwamba kila mtu ana haki ya asili ya kuheshimiwa jina lake. Haki hiyo ni yako pia. Ukiitetea kwa ukweli na kwa njia halali, hujapungukiwa unyenyekevu.

Tena Bwana wetu mwenyewe anaijua hali hii. Soma Luka 23: mara tatu Pilato anatangaza kwamba haoni kosa lolote kwa Yesu. Hata hivyo shtaka likaandikwa na kuwekwa msalabani, kwa lugha tatu, kila mpita njia alisome. Kwa hiyo wewe ambaye korti haikukupata na hatia lakini faili bado linakutaja, usidhani Yesu yuko mbali na kaunta ya polisi. Alikufa chini ya maandishi ya namna hiyo.

Sasa tushuke chini kwenye mambo ya kufanya. Imani bila matendo, si mnajua Yakobo anasemaje?

Kwanza, jua kilichoandikwa. Cheti cha polisi hutolewa na DCI, na maombi yanaanzia kwenye eCitizen. Unachapisha fomu ya C24, unapigwa alama za vidole, unasubiri jibu. Usibaki na hofu ya mambo ya kukisia.

Pili, nenda masijala ya korti iliyosikiliza kesi yako. Beba kitambulisho na namba ya kesi kama unayo, uombe nakala zilizothibitishwa za mwenendo wa kesi na uamuzi. Soma kesi iliisha vipi, maana maneno yana uzito. Ikiondolewa chini ya kifungu cha 87(a) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kabla hujaitwa kujitetea, umeachiliwa, lakini sheria haizuii kushtakiwa tena kwa jambo lilelile. Ukiachiliwa chini ya kifungu cha 210 au 215, korti imekuondolea hatia.

Tatu, andika barua kwa DCI, uambatanishe nakala hizo, uombe rekodi irekebishwe. Hauombi hisani hapo. Ibara ya 35(2) ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari isiyo ya kweli au ya kupotosha inayomhusu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo inazungumzia haki ya kurekebisha na kufuta. Weka nakala ya kila barua, na uhakikishe yako imegongwa muhuri wa kupokelewa.

Nne, usiende peke yako. Kuna Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa na sheria ya 2016. Kuna Kituo Cha Sheria, ambacho kimesaidia watu wasio na uwezo tangu 1973. Na kwenye parokia, uliza kundi la Haki na Amani.

Tano, kimbia broka. Yule anayekwambia "tuma kitu kidogo, jina litatoka" anakuuzia dhambi na kesi mpya kwa bei moja. Huwezi kulisafisha jina kwa hongo.

Yule kijana wetu tulienda naye masijala. Karani alitafuta faili siku mbili. Barua imepelekwa, na tunaposema hivi bado anasubiri jibu. Lakini ameanza tena kuandika maombi ya kazi, na mimi nahesabu hilo kuwa neema.

Najua kuna anayesoma hapa na kusema, "Mimi si kama huyo. Mimi nilifanya kweli, na korti ikanihukumu." Ndugu yangu, dada yangu, usiondoke. Nina neno lako pia.

Katika Kitubio, dhambi yako imeondolewa kabisa. Wakolosai 2:14 inasema ile hati ya deni iliyotushtaki imeondolewa na kupigiliwa msalabani. Kumbe pale msalabani kulikuwa na maandishi mawili: ya Pilato, ambayo watu waliyaona, na ya deni letu, ambayo Baba aliyafuta. Lakini Kanisa linafundisha pia, Katekisimu namba 1459, kwamba ondoleo halirekebishi madhara yote ya dhambi. Kuna cha kurudisha, kuna wa kuombwa radhi, na kuna rekodi ya kweli ambayo huenda ikabaki. Usidanganye kwenye fomu. Kama hukumu ni ya juzi na unaona haikuwa sawa, rufaa kutoka korti ya hakimu inatakiwa ndani ya siku 14. Kama ni ya zamani, Ibara ya 133 ya Katiba inaruhusu kumwomba Rais msamaha kupitia kamati ya ushauri. Njia ni nyembamba, lakini ipo.

Na tuseme ukweli wote: zipo rekodi ambazo hazifai kufutwa. Parokia ikiitisha cheti kwa mtu anayetaka kulea watoto, inafanya vizuri. Mtoto kwanza.

Mwisho, neno kwetu tusio na faili lolote. Kule kwenye jumuiya na kwenye makundi ya WhatsApp, sisi ndio masijala mbaya kuliko zote. Tunakumbuka nani alilala seli mwaka gani, lakini kesi iliisha vipi hatuulizi. Korti imemwachilia, sisi bado tunamfunga. Mwenye jiwe alitupe chini.

Zoezi la wiki: kama una rekodi inayokutesa, mwambie mtu mmoja unayemwamini na mpange siku ya kwenda masijala. Kama huna, jitolee kumsindikiza mwenzako, hata kama ni kumlipia nauli ya matatu tu.

Tuombe: Bwana Yesu, uliyeandikiwa shtaka bila kosa, wakumbuke vijana ambao majina yao yamekwama kwenye mafaili. Wape wasio na hatia ujasiri wa Paulo, wape waliokosa moyo wa kurekebisha, na utufundishe sisi sote kulitaja jina la mwenzetu kwa heshima. Amina.

Mtakatifu Paulo, mfungwa wa Kristu, utuombee.