Je, Kutoa Kingi Ndiko Kupenda?



Baadhi yetu, kabla ya kufika hapa makazini, tulifanya kazi za nyumbani Kigobe, mtaa wa kaskazini mwa Bujumbura wenye nyumba kubwa na jumba ambamo Bunge limekuwa likikutana. Huko tulikabidhiwa watoto, vyombo, na pia maua ya ndani. Mojawapo lilikuwa lile dogo la zambarau, lenye majani ya manyoya laini, ambalo wasemao Kifaransa hulitaja kwa jina la Usambara.

Hakika kwao ni milima ya Usambara, mkoani Tanga, Tanzania. Mtawala Mjerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwa baba yake Ujerumani, na mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland akaliita Saintpaulia kwa heshima ya ukoo huo. Halikupewa jina la mtume Paulo, kama mtu anavyoweza kudhani.

Ua hili hufa upesi mikononi mwa mwenye huruma nyingi. Msituni huota kwenye miamba yenye kivuli na unyevu, penye udongo kidogo. Ukilimwagia kila asubuhi kwa kulionea huruma, mizizi huoza. Maji baridi yakigusa majani huacha madoa. Jua kali huyaunguza, na gizani halichanui. Linataka nuru ya dirisha isiyo kali, na maji kidogo ya uvuguvugu kwenye kisahani chini ya chungu, yakibaki, yamwagwe. Kwa hiyo, kabla ya kushika kikombe, gusa udongo kwa kidole.

Hapo ndipo lilipo swali letu. Wahenga walisema, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Ni kweli. Lakini je, moyo peke yake unatosha?

Sisi wakimbizi tunalijua jibu. Tuliwahi kupewa mahindi ya punje mahali pasipo na mashine ya kusaga, wala kuni za kuyachemsha. Ikabidi tuuze sehemu ili tusagishe iliyobaki. Waliotoa walitupenda, ila hawakutuuliza.

Wapo watakaosema: mwenye kiu haulizwi, hupewa maji. Ni sawa, kwa siku ya kwanza. Lakini kutunza ni kazi ya siku ya pili na zote zinazofuata. Mmea uliowekwa chini ya paa hauwezi kwenda kuitafuta mvua. Unamtegemea mwenye kikombe. Kadiri mtu anavyotutegemea, ndivyo tunavyowajibika kumtazama vizuri kabla ya kumpa.

Ua halina kinywa, ndiyo maana tunatumia kidole. Binadamu anacho kinywa. Basi tukienda kwa mjane, mgonjwa, au mgeni aliyeingia juzi, tuanze kwa kumwuliza, "Unahitaji nini?" kisha tungoje jibu lake. Pengine unga anao. Pengine anataka mtu wa kumchotea maji, au wa kukaa naye kidogo jioni.