Ole Wenu Mnaoandika "Sina"

Sikilizeni, enyi wataalamu. Sikilizeni, wakurugenzi wa taasisi, wakuu wa idara, wajumbe wa kamati za maadili ya utafiti, nyinyi ambao majina yenu hutanguliwa na Dokta na Profesa. Nawaandikia kutoka Songea, makao makuu ya mkoa wa Ruvuma, mkoa ambao mahindi yake huwashibisha hata watu wasiojua uko upande gani wa nchi. Nina neno moja la kuwashtaki nalo. Lina herufi nne, na mnaliandika kila mwaka bila mkono kutetemeka. Neno hilo ni "Sina".

Nililiona kwa macho yangu. Niliketi katika kamati ya taasisi moja nikiwa mwakilishi wa jamii, mwalimu mstaafu katikati ya wasomi, kwa kuwa utaratibu unataka awepo mtu asiye mtafiti. Kabla ya ajenda ya kwanza, karani alitugawia fomu ya tamko la maslahi. Fomu iliuliza kama mimi, mwenzi wangu, mtoto wangu au ndugu yangu wa karibu tuna hisa, biashara, zawadi au deni lenye uhusiano na andiko la siku ile. Lakini majibu yalikuwa yameshajazwa. Mtu alijaza nakala moja, kisha ikatolewa fotokopi kwa idadi yetu: "Sina" kwenye kila mstari, mwandiko mmoja wa duara, karatasi kumi na mbili zinazofanana kama vifaranga. Palipobaki wazi ni mahali pa saini tu. "Weka saini, Mwalimu," aliniambia jirani yangu, "chai inapoa." Nikaweka.

Andiko la siku ile lilihusu jaribio la mbegu chotara ya mahindi. Mjumbe aliyelitetea kuliko wote alikuwa na duka la pembejeo mjini, limeandikishwa kwa jina la mkewe, na mbegu hiyohiyo ilikuwa kwenye rafu zake. Nusu ya tuliokaa pale tulijua. Hakuna aliyemwomba atoke nje. Alitoa hoja, akapiga kura, akasaini karatasi ya posho, akaaga.

Miezi ilipita, nikafika kwenye shamba la majaribio wakati mahindi yanatoa mbelewele. Mbegu iliyosifiwa ilikuwa imepandwa chini, kuelekea bondeni, kwenye udongo mweusi unaoshika unyevu. Mbegu ya kulinganishia ilikuwa juu, kwenye mteremko wa kokoto. Mama mmoja mkulima niliyefuatana naye alisimama katikati, akatazama huku, akatazama huku, akasema: "Mwalimu, hapa yanashindana mashamba, hayashindani mahindi."

Simwiti mjumbe yule mwizi. Pengine hakuketi usiku kupanga hila. Maslahi hayahitaji mtu mbaya ili yafanye kazi yake. Humshika mtu mwema mkono na kumwelekeza bondeni, naye akaamini kabisa kwamba amepapenda kwa sababu pana njia ya gari. Ndiyo maana hatumwachii mtu kujipima mwenyewe. Wazee walishasema juu ya kesi ya nyani kupelekwa kwa ngedere, na hawakusema kwamba ngedere ni mwongo. Walisema ni ndugu.

Sasa sikilizeni gharama yake. Mkulima wa mahindi wa Ruvuma anategemea msimu mmoja wa mvua. Akipanda mbegu mbovu mwezi Desemba kwa sababu ripoti yenu iliisifu, hana pa kurekebisha mpaka mvua za mwaka unaofuata. Watoto watakula kosa lenu kwa miezi kumi na miwili. Mkulima wa kahawa kule Mbinga ana adhabu ndefu zaidi: mche huchukua takriban miaka mitatu kabla ya kumpa mavuno ya maana. Kwa miaka yote hiyo atapalilia, atapogoa, atapulizia dawa, akiamini kwamba aliyemshauri hakuwa na mkono mwingine mfukoni. Hana maabara. Hasomi majarida yenu. Alichonacho ni imani kwenu, nanyi mnaiuza kwa saini.

Ole wako, mkuu wa mradi, unayetangaza nafasi za wakusanya takwimu wakati majina ya mpwa wako na binamu yako yameshaandikwa kwenye orodha. Wakijaza madodoso chini ya mwembe bila kufika kijijini, nani atathubutu kuwakaripia watoto wa bosi?

Ole wako, daktari mtafiti, unayelipiwa ndege, hoteli na begi jipya na kampuni ya dawa, kisha unarudi kuketi kwenye meza inayoamua dawa ipi iandikiwe wagonjwa. Unasema begi haliwezi kukununua. Mbona basi hukuliandika?

Ole wako, mkurugenzi, mwenye kabati la chuma lililojaa matamko ambayo hakuna aliyewahi kuyafungua. Unawaonyesha wakaguzi faili, wakaguzi wanaweka alama ya tiki, mnapeana mikono. Umetunza karatasi na kuutupa ukweli.

Na ole wetu sisi tulioketi mezani, tukajua, tukanyamaza kwa sababu chai inapoa.

Najua majibu yenu. Mnasema kila mtu hula kwa urefu wa kamba yake. Lakini kamba hiyo mlifungwa katika shamba la umma, na majani mnayokula ni ya yule anayewasubiri mlangoni na jembe. Mnasema mkono mtupu haulambwi. Mtafiti anayengoja kulambishwa ameacha kazi ya kutazama. Mnasema wataalamu wetu ni wachache na mji ni mdogo, kila mtu ni shemeji wa mtu, mkimtoa kila mwenye uhusiano kikao kitabaki na viti. Hoja hii ya mwisho naiheshimu, maana ni kweli. Lakini fikirini inakotupeleka. Pale watu wasipojuana, siri huweza kukaa. Pale kila mtu ni shemeji wa mtu, ndipo hasa inapotakiwa kuandikwa nani ni shemeji wa nani.

Kuwa na maslahi hakujawahi kuwa dhambi. Mtafiti wa mahindi akiwa na shamba lake la mahindi, ni heri. Ataujua ukame kwa mgongo wake. Mfamasia kuolewa na mwenye duka la dawa si aibu. Lawama huanza pale jambo hilo linapojulikana sokoni lakini halijulikani kwenye muhtasari wa kikao.

Hata dini zetu hazikutuacha gizani. Hapa Songea kengele za kanisa na adhana husikika asubuhi moja, na pande zote mbili zina ushahidi dhidi yetu. Nabii Samweli, alipozeeka, alisimama mbele ya taifa zima akawataka waseme hadharani kama aliwahi kumchukulia mtu ng'ombe wake au punda wake, au kupokea kitu cha kumpofusha macho. Na katika mapokeo ya Kiislamu yumo mtu aliyetumwa na Mtume Muhammad (S.A.W.) kukusanya zaka, akarudi na mafungu mawili: hili ni lenu, hili nimezawadiwa. Mtume akapanda mimbari akauliza kwa nini mtu huyo hakukaa nyumbani kwa baba yake na mama yake, aone kama zawadi hizo zingemfuata huko. Jiulizeni swali hilo juu ya begi, juu ya tiketi ya ndege, juu ya bahasha ya sikukuu. Je, vingewafuata kijijini kwenu, msio na cheo?

Nchi hii nayo ilikuwa na miiko. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kuwa mkurugenzi wa kampuni binafsi, kupokea mishahara miwili, kupangisha nyumba. Tena waandishi wake walijua ujanja wa duka la jina la mke, wakaeleza kwamba kiongozi ni yeye pamoja na mwenzi wake. Miiko ile ililegezwa kwa Azimio la Zanzibar la mwaka 1991. Ikafuata Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, Na. 13 ya mwaka 1995, inayowataka viongozi watangaze mali, maslahi na madeni yao kila mwisho wa mwaka. Kwa hiyo msiniambie jambo hili tumeletewa na wafadhili. Lilikuwa letu. Tumelichosha wenyewe kwa fotokopi.

Wala msidhani ni ugonjwa wa nchi maskini. Septemba 17, 1999, kijana wa miaka 18, Jesse Gelsinger, alifariki katika jaribio la tiba ya jeni lililofanywa na Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani. Mtafiti mkuu alikuwa mwanzilishi wa kampuni iliyotarajia faida katika fani hiyohiyo, na chuo nacho kilikuwa na hisa humo. Hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba fedha ndiyo iliyomwua. Lakini hakuna pia anayeweza kumthibitishia baba yake kwamba fedha haikuwemo chumbani, na mzazi huyo atakufa na swali hilo.

Na sisi wa Songea, zaidi ya wengine, tungepaswa kulielewa jambo hili bila kufundishwa. Kila Februari 27 tunakusanyika kwenye Makumbusho ya Majimaji kuwakumbuka mashujaa wa Vita vya Majimaji walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Nduna Songea Mbano, ambaye mji huu unaitwa kwa jina lake, naye alinyongwa, na ukoo wake unaamini kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Enzi hizo mafuvu ya watu wetu yalisafirishwa kwa ajili ya utafiti. Berlin peke yake yalihifadhiwa yapatayo 1,100 kutoka koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani, mengi yakiwa ya Rwanda. Yalikuwa na namba, yalikuwa na rejista, yalipimwa na wasomi wenye shahada. Kitu gani kilikosekana? Dola iliyowatawala watu wale ilihitaji kuambiwa kwamba wanastahili kutawaliwa, na vipimo vilitoka kwake. Aliyepima ndiye aliyehitaji jibu. Novemba 1, 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama hapahapa Songea akaomba msamaha. Ilichukua zaidi ya miaka mia moja. Nyinyi mnataka wajukuu wa nani waje kuomba msamaha kwa ajili ya ripoti zenu?

Tubuni, basi, na toba hii haina fumbo. Fomu ije tupu, isomwe kwa sauti, kila mtu aijaze kwa mkono wake. Mwenye maslahi aseme, atoke chumbani kabla ya mjadala, si kabla ya kura tu, na kutoka kwake kuandikwe kwenye muhtasari kwa jina na saa. Mwenye hisa asichague shamba, asiandikishe wagonjwa, asichambue takwimu. Afanye hivyo mwingine asiye na cha kupata. Hali ikibadilika mwezi Machi, asingoje Desemba. Na ripoti inapochapishwa, maslahi yaandikwe ukurasa wa mbele, kwa Kiswahili, mkulima ayaone kabla ya kufungua mfuko wa mbegu. Kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, au cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, kilichotundikwa ukutani hakitafanya kazi hii kwa niaba yenu.

Nami naanza. Duka lile la pembejeo nililijua kwa sababu nakopa humo. Siku niliposaini nilikuwa nadaiwa mifuko miwili ya urea, na nilimwogopa mwenye duka kuliko nilivyomwogopa Mungu. Fomu iliuliza kuhusu deni. Deni lilikuwepo. Nilinyamaza, na yule mama aliyesimama katikati ya shamba aliachwa bila mtu wa kumsemea, ilhali mimi nilikuwa nimepewa kiti kwa ajili yake. Kikao kilichofuata nilimrudishia karani fotokopi yake, nikaomba karatasi nyeupe. Niliandika neno moja, nalo pia lina herufi nne: "Nina". Chini yake nikaandika kiasi na jina la duka, kisha nikainuka kwenda kusimama ukumbini. Nilisimama peke yangu.

Njooni msimame nami.